Shughuli za Kijana Zisiwe Pambo la Fomu

Kila mwaka wamo miongoni mwa vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaojaribu kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani vyenye kuchagua wachache mno. Jambo hilo ni jema. Baadhi ya vyuo hivyo, kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, hupima maombi ya wageni bila ya kutazama mfuko wa mzazi, na anayekubaliwa hugharimiwa kwa kadiri ya upungufu wa nyumba yake. Kwa mtoto wa mvuvi au wa mchuma karafuu, huo si mlango wa kudharauliwa.

Lakini mlango wenyewe ni mwembamba. Mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 ikakubali 1,937. Hawakufika wanne katika kila mia. Na kwa kuwa wengi wa waombaji wana alama nzuri za mitihani, vyuo hivyo hutazama pia mwombaji amefanya nini nje ya darasa. Kwetu sisi, kijana huingia chuo kikuu kwa alama zake za mitihani, kwa hiyo jambo hili ni geni kwa wazazi wengi. Na penye ugeni ndipo wajanja wanapojipatia riziki.

Ushauri unaopita mitaani ni huu: kijana ajiandikishe katika klabu saba kwa mpigo, aunde jumuiya isiyokuwa na mwanachama ila mwenyekiti wake, alipie cheti cha uongozi, apige picha na mayatima siku moja, kisha asirudi tena. Wako wazazi wanaouza walichonacho ili kugharimia mambo hayo. Sisi tunasema bila ya kificho kwamba huo ni upotofu, na kwamba haumfikishi kijana anakotaka kwenda.

Tuitazame fomu yenyewe. Vyuo vingi vya Marekani hupokea fomu ya pamoja iitwayo Common Application. Ina nafasi za shughuli zisizozidi 10, na maelezo ya kila shughuli hayaruhusiwi kupita herufi 150. Kisha huuliza: shughuli hiyo umeifanya katika miaka ipi ya masomo, saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka? Maswali hayo ndiyo mizani. Aliyeshika mambo kumi kwa mwezi mmoja mmoja hana pa kujificha, na aliyeshika mawili kwa miaka mitatu hahitaji maneno mengi. Mshika mbili moja humponyoka, seuze mshika kumi.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wetu hawaambiwi. Katika aina za shughuli zinazotambuliwa na fomu hiyo, imo kazi ya ujira, na yamo majukumu ya familia. Mwaka 2016 ripoti iliyotoka katika skuli ya elimu ya Harvard, na kuungwa mkono na maofisa wa udahili wa vyuo vingi, ilihimiza hayo hayo: ubora utangulizwe mbele ya wingi, na anayelea wadogo zake au kuchangia chakula cha nyumbani asionekane kuwa hana lolote la kuonesha.

Basi tuutafute utajiri huo hapa hapa tulipo. Msichana anayefuatana na mama yake kwenye mwani kila bamvua anayo kazi ya kuandika. Akiongeza kupima joto la maji kila anaposhuka, akaandika katika daftari ni siku zipi mwani ulikufa, na baada ya miaka miwili akawakalisha wakulima wenzake akawasomea aliyoyaona, huyo amefanya jambo ambalo halinunuliki. Joto la bahari limeshaharibu kotonii nyingi katika pwani zetu, na daftari la namna hiyo lina faida hata kama Marekani haitamjibu. Kijana anayesomesha watoto hesabu barazani kila baada ya Alasiri naye ni vivyo hivyo. Kipimo chetu ni kimoja: kama hakuna chuo kitakachoiona shughuli hiyo, je, kuna jirani atakayeikosa siku utakapoiacha?

Hatusemi kwamba mashindano hayo ni ya haki. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman ulionesha kwamba, kwa alama zilizo sawa, watoto wa familia zilizo katika asilimia moja ya juu kwa kipato nchini Marekani wana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia vyuo hivyo kuliko watoto wa tabaka la kati. Michezo na sifa za nje ya darasa ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba matajiri walimlipa dalali William Singer ili watoto wao waandikwe kuwa wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mtoto wa maskini akiingia katika soko la mapambo hatamshinda tajiri. Nguvu yake ni ukweli wa kazi yake.

Sisi si wageni wa fikra ya kumpima kijana kwa kazi na mwenendo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwenye kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam awe ametumika kazini na kupata barua ya sifa kwa mwajiri na kwa tawi la Chama. Sharti hilo baadaye lililegezwa, lakini funzo limebaki: barua ya sifa ina thamani pale tu anayeiandika anapomjua kijana na kusema kweli.

Hapo ndipo inapokuja zamu ya viongozi. Afisa anayetia sahihi cheti cha kujitolea kwa mtoto wa jamaa yake ambaye hakujitolea anamdhulumu mtoto wa shamba aliyetoka jasho. Anayefunga maktaba ya skuli saa nane mchana naye ana sehemu yake ya lawama. Tunataka maktaba na viwanja viwe wazi jioni, na walimu wapewe wasaa wa kuandika barua za kweli.

Na kwa vijana: chagueni jambo moja au mawili yenye manufaa, myaanze mapema, wala msiyaache. Elimu bila ya amali ni mti usiozaa. Huenda nafasi isipatikane, kwani wanaokataliwa ni wengi kuliko wanaokubaliwa. Lakini kazi iliyofanywa kwa moyo haikataliwi na wale iliyowafaa.