Kuta Zisemazo za Granada

Wapangao matembezi ya siku mbili Granada huelekezwa hivi: asubuhi Alhambra, adhuhuri kanisa kuu, jioni Albaicín. Ratiba hiyo ni dhuluma kwa ushairi. Tikiti huweka saa ya kuingia majumba ya Banu Nasr; mgeni huingia mbio, akapiga picha, akatoka akisifu nakshi. Nakshi gani? Ukingoni mwa birika lililobebwa na simba 12 zimechongwa beti 12 (beti za Kiarabu, mstari mmoja mmoja) za Ibn Zamrak, mshairi na waziri wa karne ya 14. Mji ulitwaliwa mwaka 1492, beti zikabaki. Tafsiri zipo. Mwenye siku mbili na aliache kanisa, azisome kwao kabla ya safari, kisha asimame mbele ya simba wale, msafara umpite.