Likasi haikosi wasemaji wa hali ya hewa, inakosa kuwapa mikrofoni

Wiki iliyopita kijana mmoja wa jirani yetu hapa Buluo alinigongea mlango jioni. Anasoma masomo makuu hapa Likasi, na wenzake wamemweka kwenye kamati. Wanataka kufanya siku moja ya kuzungumzia mabadiliko ya hali ya hewa, mbele ya mvua kuanza. Ukumbi wamepata, viti wamepata. Kilichobaki ni wasemaji. Akaniambia: “Papa, weye unajuaka bantu. Utusaidie tupate muntu mukubwa wa Kinshasa.”

Nilimwomba anipe siku mbili. Hili ndilo jibu langu, na ninaliandika hapa wazi kwa sababu naona haliwahusu vijana hao peke yao.

Kwanza niseme nilichokiona kwa macho. Miaka michache iliyopita nilikaa katika ukumbi wa chuo kimoja, jina nitaliacha. Mgeni alitoka mbali, suti nzuri, Kifaransa kizuri. Alileta picha za kuonyesha ukutani: barafu inayeyuka, dubu mweupe amesimama juu ya kipande kidogo, mistari myekundu inapanda. Baada ya dakika arobaini umeme ukakatika. Tulikaa gizani, mgeni akingoja picha irudi, kwa sababu bila picha hakuwa na neno. Umeme uliporudi nusu ya wanafunzi walikuwa wameenda. Maulizo yalikuwa mawili, na moja lilikuwa juu ya pesa za usafiri.

Simlaumu mgeni yule. Alisema mambo ya kweli. Barafu inayeyuka kweli. Lakini kukatika kwa umeme siku ile kulikuwa somo lenyewe, na hakuna aliyelifundisha. Sehemu ya umeme wetu inatoka kwenye maji ya mto Lufira, kule Mwadingusha, ambako mitambo ilianza kufanya kazi mwaka 1930, na bwawa lake ndilo lililotuzalia ziwa Tshangalele. Maji yale ni mvua. Msemaji anayejua hayo angesema gizani: “Mumeona? Sasa tuzungumze.” Watu wasingetoka.

Kwa hiyo ninalomwambia kijana wetu ni hili: usianze na kuuliza nani ana jina. Uliza kwanza ni nani anayeishi na jambo hili kila siku, na anaweza kujibu maulizo bila karatasi.

Na jambo hili tunaishi nalo kweli. Tarehe 29 Februari 2024 Raisi wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza ukame kuwa janga la inchi yake. Mahindi yalikauka mashambani, na maji ya Kariba yakashuka hata mji wa Lusaka ukakaa gizani masaa mengi. Kuna mtu Likasi aliyehitaji kuelezwa maana yake? Unga wa bukari yetu unapita Kasumbalesa. Mvua ikikataa upande ule wa mpaka, mama wa hapa Buluo anapunguza sahani. Hakuna haja ya dubu.

Nimewaza watu wanne wa kualika. Wote wanapatikana bila ndege.

Wa kwanza ni mama mkulima. Huku kwetu mvua inakuja mara moja kwa mwaka, tangu mwezi wa kumi au wa kumi na moja hadi wa ine. Hatuna msimu wa pili wa kurekebisha makosa. Niliongea na mama mmoja anayelima njia ya kwenda Kambove. Aliniambia: “Zamani mvua ya kwanza ikinyesha, unapanda. Sasa inakudanganya. Unapanda, jua inatoka wiki mbili, mbegu inaoza. Unanunua ingine.” Kununua mbegu mara mbili: hiyo ni hesabu ambayo mwanafunzi wa uchumi na mwanafunzi wa kilimo wote wanaweza kuifanya papo hapo. Huyu mama apewe dakika ishirini, kama mprofesa.

Wa pili ni fundi wa umeme anayejua mitambo ya Lufira. Mwadingusha ilifanyiwa ukarabati na turbini zake 6 zikarudi kazini mwaka 2021, katika ushirikiano wa SNEL na watu wa mgodi wa Kamoa, ulioko karibu na Kolwezi. Mwanafunzi aulize: maji yakipungua, nani anakatiwa kwanza, mgodi au kartie? Na umeme ukikatika hapa Buluo, ni kwa sababu ya mvua, ya kabini ya zamani, au ya waya ulioibwa? Fundi wa kweli hatachukia ulizo hilo.

Wa tatu ni mtu wa sayansi. Nasikia wengine watasema: papa huyu anadharau masomo. Hapana. Bila mtu wa hesabu siku nzima itakuwa hadithi za wazee tu, kila mmoja na mvua yake ya utotoni. Lakini hata huyo si lazima avuke Konge nzima. Lubumbashi ni kilomita 120 hivi kwa barabara. Kule UNILU, kwenye kitivo cha kilimo, kuna watafiti kama Yannick Useni Sikuzani ambao kwa miaka mingi wamepima kwa picha za satelaiti jinsi miombo inavyoondoka kuzunguka miji yetu. Mwaka 2018 wao na wenzao wa Ubelgiji walitoa kitabu kizima juu ya jinsi mikono ya watu inavyobadilisha mandhari ya Katanga. Mwanafunzi wa Likasi anajua majina ya misitu ya Brazil, lakini hajui kwamba msitu aliozaliwa nao umepimwa na mtu anayesema Kiswahili kama yeye.

Wa ine ndiye atakayeleta kelele. Ni mchoma makala.

Kila mwandaaji niliyemsikia anamtaja mchoma makala, lakini kama mshitakiwa ambaye hayuko. Msemaji anasema “tuache kukata miti”, ukumbi unapiga makofi, kisha kila mtu anarudi nyumbani ambako mbabula inawaka na maharagwe yanachemka. Na makala yaliyoko ndani ya mbabula ile yalifika asubuhi juu ya kinga, yakisukumwa na mtu mwenye jasho tangu saa tisa za usiku.

Nilienda kumtafuta mmoja, mzee wa kuheshimika. Hakuzaliwa porini. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, ni mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka mwaka 2003 katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Pesa aliyopewa iliisha, watoto walikuwa bado shuleni, akachukua shoka. Anajua miti kwa majina yake yote, anajua upi unatoa makala mazito na upi ni moshi tu. Anajua pia kwamba miaka ya kwanza alikata karibu na nyumba, na sasa anatembea siku nzima kabla ya kuona mti wa kukata. Nilimwuliza kama angekuja kuzungumza na wanafunzi. Alinyamaza kidogo, akasema: “Mukiniita juu ya kunitukana, siji. Mukiniita juu ya kuniuliza, nitakuja.”

Sentensi ile niliibeba hadi nyumbani, kwa sababu inafaa kuwa kanuni ya kila mkutano wa aina hii. Kama tunamwita mtu ili awe mfano mbaya, tusimwite. Kama tunamwita ili tujue kwa nini mti unakatwa, na nini kingemfanya auache, basi ndiye msemaji wa kwanza tunayemhitaji. Siku mji huu utakapokuwa na umeme wa kupikia, yeye ndiye atakayejua kabla ya mprofesa, kwa sababu mifuko yake haitanunuliwa.

Kuna mfano wa jirani. Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004, alipoanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977 alianza na kilio cha wanawake wa vijijini: kuni ziko mbali, maji yamekauka, chakula hakitoshi. Elimu kubwa alikuwa nayo, daktari wa sayansi, lakini alianzia mahali mama anapoinama. Na Vanessa Nakate alipoanza kusimama na bango barabarani Kampala mwaka 2019, alikuwa kijana tu aliyemaliza masomo. Hakuna aliyempa cheo kwanza.

Sasa onyo mbili.

Onyo la kwanza: msemaji anayesema kila kitu ni hali ya hewa, anatudanganya. Hapa Likasi tuna maovu mengine yenye baba yake anayejulikana. Mfereji uliozibwa na mifuko ya plastiki ukijaa maji na kuingia nyumbani kwa watu, si Ulaya iliyouziba. Uchafu wa viwanda ndani ya mito hautoki mawinguni. Mwaka 2009 daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Leuven walichapisha utafiti wa mikojo ya watu wa Katanga, wakiwemo wanaoishi karibu na viwanda na wale wa kando ya ziwa Tshangalele, na wakakuta kobalti na madini mengine kwa wingi wa kutisha. Hiyo si klima. Hiyo ni kiwanda, na kiwanda kina mwenyewe. Msemaji mzuri anatenganisha: hili ni la dunia nzima, hili ni la komini yetu, hili ni la kampuni. Msemaji mbaya anavichanganya vyote chungu kimoja, na mwenye kosa anatoka mlango wa nyuma akisema ni joto la dunia.

Onyo la pili linahusu nani analipa. Kijana aliniambia kwa furaha kwamba kuna kampuni moja imeahidi kutoa jenereta, vinywaji na nguo zenye maandiko. Sharti ni moja: mtu wao azungumze wa kwanza, na maulizo yaandikwe na kupitiwa mbele. Nilimwambia: mwanangu, hapo umeuza mikrofoni. Mtu wa kampuni aje, ni haki yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi yetu, inaenda kwenye betri za magari yasiyotoa moshi, na wakubwa wetu wanaita Konge “inchi-suluhisho”, walirudia neno hilo hata Kinshasa mwaka 2022 wakati wa mikutano ya kutayarisha COP27. Basi mtu wa kampuni aje aeleze suluhisho hilo mbele ya mama mkulima na mchoma makala, na aulizwe kwa mdomo kama wengine. Akikataa maulizo, tutakunywa maji ya kawaida na kutumia sauti zetu.

Mengine ni kazi ya mikono. Siku ifanyike kwa Kiswahili, na mwenye kutaka kuongeza Kifaransa aongeze. Kila msemaji apewe dakika ishirini, kisha maulizo muda uleule, si dakika tano za mwisho wakati watu wamesimama. Kamati iwatembelee wasemaji wote wiki moja mbele, iwaambie wazi watakaa na nani, ili asitokee wa kushangazwa. Na bahasha ya usafiri iwe moja kwa wote wane. Mkimpa mprofesa bahasha na mchoma makala “asante”, mmeshawaambia wanafunzi nani ana maana, hata kabla mtu hajafungua mdomo.

Najua mwalimu fulani atasema mkutano bila mtu wa Kinshasa hauna uzito, na barua ya ruhusa haitasainiwa haraka. Labda ni kweli. Lakini tukumbuke wale wanaokaa kwenye viti ni nani. Baada ya miaka mitano mmoja atakuwa anatoa ruhusa za kukata misitu, mwingine atakuwa kwenye ofisi ya mgodi akipima maji machafu, mwingine atafundisha shule ya msingi. Wakitoka ukumbini na dubu peke yake, watafanya kazi kama tulivyofanya sisi. Wakitoka na swali la mzee yule kichwani, huenda mmoja wao akasita kabla ya kuweka saini. Kusita huko mimi nakutafuta.

Kijana alirudi baada ya siku mbili. Nilimpa majina matatu na njia ya kufika kwa mzee. Alikuna kichwa, akasema kamati itabishana. Ibishane. Mimi nimeshamwahidi mzee kwamba ataulizwa, hatatukanwa, na sitaki niwe mwongo katika kartie yangu mwenyewe. Watu wa mbali wakisikia Buluo wanafikiria gereza tu. Ningependa mwaka huu wasikie pia kwamba huku vijana walikaa chini, wakauliza, na mchoma makala akajibu.