Mzabibu wa Jericho Waomba Msimu Mmoja Zaidi

Juma lililopita nilipita mtaa wa Jericho kumjulia hali shangazi yangu, nikakuta kesi inasikizwa uani. Mshtakiwa alikuwa mzabibu. Binamu yangu alitaka ung'olewe ili mahali pake pajengwe chumba cha mabati cha kukodisha. Shangazi naye alikataa katakata.

"Miaka sita, majani matupu," binamu akalalamika. "Hata zabibu za kujaza kikombe hatujaona. Chumba kingekuwa kimetulipia karo."

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiwe unayeandika magazetini. Mti huu ni tasa?"

Sikuwa na jibu, msomaji mpendwa. Niliomba nipewe juma moja, nami leo nimerudi na jibu ambalo huenda likakufaa hata wewe uliye Buruburu, Umoja au Kayole.

Tuanze na tabia ya mzabibu wenyewe. Katika nchi za baridi kama Ufaransa na Italia, majani hupukutika wakati wa kipupwe na mti hulala. Joto likirejea mwezi wa Machi au Aprili huchipuka, hutoa maua mwezi wa Mei au Juni, na zabibu huvunwa kati ya Agosti na Oktoba. Kila hatua ina adui wake. Machipukizi yakipigwa na baridi ya barafu huungua usiku mmoja tu, kama ilivyotokea katika mashamba mengi ya Ufaransa mnamo Aprili 2021. Mvua ikinyesha wakati wa maua, matunda hushika machache. Ikinyesha zabibu zikikaribia kuiva, hufyonza maji, ngozi hupasuka, sukari hupungua na uozo huingia. Jua ndilo rafiki, kwa maana majani hulitumia kutengeneza sukari inayopelekwa kwenye tunda.

Sasa je, sisi wa hapa karibu na Ikweta tusio na kipupwe, mti wetu utajuaje wakati wa kulala na wakati wa kuamka?

Jibu liko kwa majirani zetu wa Dodoma, Tanzania. Mkoa huo ndio unaosifika kwa zabibu katika Afrika Mashariki, na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana ni miongoni mwa waliozipanda mapema. Leo kuna kituo cha utafiti wa zao hilo huko Makutupora. Dodoma ni pakavu. Mwaka wa kawaida mvua yake haifiki milimita 600, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo.

Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mti, mkulima wa Dodoma huutengenezea kipupwe kwa mikono yake. Hupunguza maji, kisha huchukua mkasi na kupogoa matawi. Mti uliopogolewa hushtuka na kuchipuka upya, na baada ya miezi minne hivi zabibu huwa tayari. Ndiyo sababu huko huvuna mara mbili kwa mwaka, yaani Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Hata hivyo mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya Februari hukomaa mvua ikinyesha, na mkulima hupigana na maradhi ya ukungu, hasa ubwiri. Yale ya Agosti hukomea katika ukavu, na tunda huwa safi na tamu zaidi mradi mizizi ipate maji ya kumwagilia.

Hapa kwetu Kenya pia zabibu zimelimwa Naivasha. Wakulima wa huko walichagua Bonde la Ufa kwa sababu jua ni kali, mvua si nyingi, na usiku huwa na baridi inayolinda ladha ya tunda.

Haya, turudi Jericho. Nairobi hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna Julai yenye mawingu na baridi, ambapo jua hujificha siku nzima. Mzabibu hapa una mianya miwili tu ya ukavu, na ule wenye jua la kutosha kuivisha tunda ni Januari na Februari.

Basi tupige hesabu. Kwa baridi yetu, tunda la Nairobi litachukua karibu miezi mitano tangu kupogolewa. Ukipogoa mwezi wa Juni, zabibu zitaiva vuli ikianza, nazo zitapasuka. Ukipogoa katikati ya Agosti, maua yatatoka mwishoni mwa Septemba kabla ya mvua kushika, na matunda yatakomaa Januari jua likiwaka. Katikati hapo vuli italeta ukungu, kwa hiyo punguza majani yanayosongamana ili upepo upite, na unyunyize dawa ya salfa mapema kabla doa jeupe halijaenea. Sikiliza pia utabiri unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa kabla ya msimu. Vuli ikikawia au ikizidi, hesabu hii nayo hubadilika.

Nilipomweleza shangazi haya nilimwuliza, "Umewahi kuupogoa?"

"Niukate? Mti niliopanda mwenyewe?"

"Na maji?"

Akanionyesha karai. Kila jioni, maji ya kusuuzia vyombo humwagwa shinani, kiangazi na masika.

Hapo, msomaji, kesi ikajulikana. Mti ule haukuwa tasa. Haukuwahi kulala hata siku moja katika miaka sita. Ulilishwa na kunyweshwa, ukaota majani juu ya majani, hadi matawi ya ndani yakakosa mwanga. Na tawi lililokulia gizani halibebi tunda la maana. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini sitamdanganya shangazi wala wewe. Upande wa mashariki wa ua wake inajengwa ghorofa, na ikifika orofa ya nne jua la asubuhi litakwisha. Hakuna mkasi unaoweza kurudisha jua. Kama ua wako umezibwa pande zote, binamu yangu ana haki, jenga chumba.

Wa shangazi bado una jua la adhuhuri hadi jioni. Tumekubaliana hivi: karai litaenda kwenye sukuma wiki, mkasi utaingia kazini katikati ya Agosti, na hukumu itatolewa Januari. Zikipatikana zabibu za kujaza sufuria moja, mzabibu utabaki. Zisipopatikana, mabati yataletwa.

Binamu ameshaanza kuulizia bei ya mabati. Shangazi naye ameniomba nimtafutie mkasi mkali.