Tusihesabu Ukoo kwa Sura

Sisi ni watu tunaojua kuhesabu ukoo. Mzee akiulizwa jamvini, "Huyu kijana ni nani wako?", hajibu kwamba wamefanana pua. Hujibu: "Mama yake na baba yangu ni toka nitoke." Amepanda hadi kwa mzazi wanapokutana, kisha akateremka upande wa pili. Akiulizwa wa mbali zaidi, hupanda zaidi, hadi kwa babu au kwa babu wa babu. Hekima hiyo tunayo majumbani mwetu, lakini tukifika kwa wanyama tunaiacha mlangoni na kuanza kuhesabu kwa macho.

Mchukueni pimbi. Yuko juu ya majabali ya Serengeti anaota jua, mwili wa kubebeka kwa mikono miwili, mkia hana. Waulizeni wapita njia ndugu yake ni nani, nao watasema panya au sungura. Basi mtazameni kwa karibu. Vidole vyake vina kucha bapa, mfano wa vikwato. Meno mawili ya juu, mbele kabisa, hayakomi kukua, nayo yamechomoza kama vipembe. Ngiri naye ana meno ya kutisha, lakini yale ni chonge; ya pimbi ni meno ya mbele, na pembe za ndovu nazo ni meno ya mbele yaliyorefuka. Shukeni sasa baharini kwa nguva. Dume lake lina meno ya mbele ya namna hiyo hiyo, na jike hunyonyesha kwa matiti mawili yaliyo karibu na kwapa, kama anyonyeshavyo tembo jike. Wataalamu walipopima vinasaba, ushahidi ulikubaliana na alama hizo: pimbi, tembo na nguva ni ukoo mmoja, wenye mzazi mmoja wa kale aliyeishi miaka milioni 60 hivi iliyopita. Mmoja akashika mawe, mmoja nyika, mmoja bahari, na kila pahali pakamchonga kwa namna yake.

Ukoo huo wataalamu huuchora kama mti. Charles Darwin alichora mti wa namna hiyo katika daftari lake mwaka 1837, na kitabu chake kikuu cha mwaka 1859 kina mchoro mmoja tu, nao ni wa matawi. Kuusoma si kazi ngumu. Ncha za matawi ni viumbe walioko leo. Kila panda, yaani pale tawi moja linapogawanyika, ni mzazi wa kale ambaye leo hayupo. Ukitaka kujua udugu wa viumbe wawili, teremka kutoka kwenye ncha zao hadi panda wanapokutana. Panda ikiwa karibu na ncha, ni ndugu wa karibu. Ikiwa chini kuelekea shinani, ni jamaa wa mbali. Wala usitazame nani kachorwa jirani na nani. Geuza tawi, la kushoto liwe la kulia; panda zimebaki zile zile, na udugu haukubadilika, kama vile watoto wa shangazi hawageuki wageni kwa kubadilishana viti.

Hapa ndipo tunapokosea wengi. Imezoeleka picha ile ya nyani aliyeinama, mbele yake mwingine aliyeinuka kidogo, na mwisho mtu kasimama wima. Ile ni foleni, mti si huo. Kutokana na picha hiyo limezaliwa swali la vijiweni: "Kama mtu alitokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo?" Nami nauliza: mtoto wa shangazi yako ndiye aliyekuzaa? Na kwa kuwa wewe upo, ilipasa yeye afe? Sokwe mtu wa Gombe si babu yetu. Ni binamu, na panda yetu na yake iko yapata miaka milioni 6 au 7 nyuma. Tena, kwa hesabu ya panda, sokwe mtu yu karibu zaidi nasi kuliko alivyo na gorila, ingawa macho yanaapa kinyume. Sisemi haya ili kumvunjia mtu imani yake. Nasema anayetaka kuupinga mti kwanza ausome.

Hata wasomi macho huwadanganya. Mwaka 2005 ilitangazwa kwa ulimwengu habari ya kima wa misitu ya Rungwe na Udzungwa, ambaye wenyeji wa Rungwe walikwisha kumwita kipunji. Kwa umbo lake na kuishi kwake mitini, aliwekwa katika kundi la kima waitwao mangabei. Baadaye kipunji mmoja akafa mtegoni shambani kwa mkulima, vinasaba vyake vikapimwa, na ikaonekana yu karibu zaidi na nyani, yule nyani wa kutembea chini. Mwaka 2006 akapewa jina la jenasi yake peke yake, lililotokana na Mlima Rungwe. Wataalamu hawakuona haya kufuta na kuandika upya. Nasi tusione haya.

Faida ya kuusoma mti huu ni nini? Ni kujua kinachopotea. Ukoo wa nguva ulikuwa na jamaa mkubwa mno katika Bahari ya Bering. Mtaalamu wa viumbe Georg Steller alimwona mwaka 1741. Kufika 1768 wawindaji walikuwa wamemmaliza. Nguva wetu amebaki peke yake katika tawi lake la karibu, na katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa wamesalia wachache. Kwa hiyo mvuvi anayetega jarife kwenye majani ya bahari ajue kwamba akimnasa nguva, hajapunguza samaki mmoja katika wengi. Amesaidia kukata tawi lililochukua mamilioni ya miaka kukua, na hakuna chipukizi la kushika nafasi yake.

Walimu, ondoeni ile foleni ukutani, mchore mti. Wazazi, siku mtoto akiwauliza sokwe ni nani wetu, msimwambie atazame sura. Mpelekeni nyuma hadi kwenye panda, kisha mrudi naye kwa upande wa pili, kama wazee walivyotufundisha jamvini.