KATIBA ISOMWE PAMOJA NA GAZETI



Twataka kusema maneno machache juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mawakili peke yao, yaani kuwafundisha watoto wetu, na sisi wenyewe pia, sheria kuu ya nchi.

Sisi tunaoandika ni watu wa reli, na masomo yetu ni yale ya shule ya msingi ya misheni. Katekisimu tuliikariri swali na jibu, na hata leo ukituamsha usiku wa manane tutakujibu bila kukosea. Lakini ukituuliza maana yake, hapo tutakuomba tungoje asubuhi. Basi tumeona kwamba watoto wetu hapa Kaloleni, Makadara na Shauri Moyo wanafundishwa Katiba kwa namna ile ile. Mtoto ajua kwamba Katiba ya mwaka 2010 ina sura 18 na vifungu 264, na kwamba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti. Ni vema. Lakini mwulize kama mama yake ana haki ya kupeleka malalamiko katika ofisi ya Serikali pamoja na majirani zake, naye atakutazama tu.

Mwezi wa Juni 2024 vijana walijaa barabara za mjini kuupinga Mswada wa Fedha, na watu wakauawa. Siku zile mwalimu mmoja katika mitaa hii yetu alileta gazeti darasani, akaambiwa na wakubwa wake aache siasa afundishe kitabu. Hatutaji mwalimu wala shule. Lakini twauliza, ni siku gani iliyofaa zaidi kusoma Kifungu cha 37, kinachosema kila mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha, na kupeleka maombi yake kwa wakuu? Tarehe 26 Juni Rais alikataa kutia sahihi mswada ule, akaurudisha Bungeni. Watu wengi mtaani walisema Rais ameuchana. Mtoto aliyekwisha soma Kifungu cha 115 angewaambia wazee kwamba Rais hana uwezo wa kuuchana mswada: huurudisha pamoja na sababu zake, na wabunge waweza hata kuupitisha tena vile vile wakipata theluthi mbili.

Sasa tuje kwenye mifuko yetu. Mwaka 2023 karatasi zetu za mshahara zilipata mstari mpya, ushuru wa nyumba. Ni asilimia moja na nusu. Mwenye shilingi 40,000 alikatwa shilingi 600, na mwajiri akatoa 600 nyingine. Tulinung'unika karakana nzima, lakini ni wachache waliouliza ushuru huu umesimama juu ya sheria gani. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema haukuwa halali, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba ulimkata mwenye kuajiriwa peke yake, na kumwacha mwenye kipato cha namna nyingine. Yaani sisi tulikatwa, na tajiri wa mitumba pale Gikomba anayetupita mara tano hakukatwa. Hilo ndilo somo la usawa, Kifungu cha 27, na halihitaji mwalimu mwenye digrii. Kisha Machi 2024 Bunge likatunga sheria nyingine iliyowagusa na wale wengine, na makato yakarudi. Waliokuwa wamesoma habari ya Novemba tu walikwenda kumgombeza karani bure, nasi tulikuwa miongoni mwao.

Hapa pana hatari ya kufundisha kwa gazeti, nasi hatutaki kuificha. Habari ya leo huweza kugeuka kesho. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilitangua Sheria ya Fedha ya 2023 yote nzima. Tarehe 29 Oktoba Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu ile. Darasa lililofunga daftari mwezi wa Julai limebaki na uongo kichwani. Kwa hiyo kila habari ifunguliwe ukurasa wake, na ukurasa usifungwe mpaka kesi ifike mwisho.

Kesi ambayo twaipenda kuliko zote ni ya ndugu zetu wa Muthurwa, nyumba walizojengewa watu wa reli tangu zamani za wakoloni. Mwaka 2010 wapangaji waliambiwa wahame katika siku 90. Mwenye nyumba alikuwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, uliotaka kuitumia mali ile ili wastaafu wapate haki yao. Angalieni jambo hili vizuri. Upande mmoja wapangaji, upande wa pili wazee wetu wanaongoja pensheni, na wote ni watu wetu. Tarehe 30 Agosti 2013 Mahakama Kuu ilisema kuwaondoa kwa namna ile kulivunja haki ya makao iliyo katika Kifungu cha 43. Haikusema kwamba nyumba zimekuwa mali ya wapangaji. Iliagiza pande zote mbili zikutane zipange jinsi ya kuhama, na Serikali nayo ieleze mipango yake ya makao. Tulipoisoma habari hii barazani jioni moja, tulibishana hadi saa nne usiku, na mzee mmoja mstaafu aliondoka bila kuaga. Tangu shule hatujapata kuona somo lililotukaa hivyo.

Wako wanaosema chama cha wafanyakazi kisiguse mambo haya. Tunawakumbusha Ukumbi wa Kaloleni, ambako Aprili 1950 Makhan Singh, mtu wa chama cha wafanyakazi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi hizi. Mwezi uliofuata alikamatwa, wala hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Katika Katiba ya leo haki ya kuunda chama na ya kugoma imo, Kifungu cha 41. Sisi hatumwombi mwalimu awaambie watoto wampigie nani kura. Asome kifungu kwanza, ndipo asome habari, kisha awape nafasi wale wasiokubaliana.

Nasi tutaanza wenyewe, Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana. Kila mtu alete karatasi yake ya mshahara na gazeti lolote la juma lile, na watoto wa darasa la saba kwenda juu waje. Nakala ya Katiba tunayo moja tu, na jalada lake limekwisha ng'oka. Aliye na nyingine tafadhali aje nayo.