KUHAMA KING'AMUZI BADO SI UHURU

Kila mwisho wa mwezi, mijini na vijijini, mafundi wa madishi hupanda juu ya mapaa wakiwa na spana mkononi. Kazi yao ni kulifungua dishi lililokuwa likitazama upande mmoja wa mbingu na kuligeuza litazame upande mwingine. Mwenye nyumba ameichoka kampuni aliyokuwa akiilipa. Ama ada imepanda, ama mechi anazozipenda zimekwenda kwingine, ama kifurushi alichokilipia kimepunguzwa chaneli pasipo yeye kuulizwa. Sasa anahamia kampuni ya pili, na matangazo ya biashara yanamsifu kwamba ametumia uhuru wake wa kuchagua. Lazima isemwe wazi kwamba huo si uhuru. Wahenga walikwisha kulipa jambo hilo jina lake: kuruka majivu na kukanyaga moto.

Ili kulielewa suala hili, ni lazima kwanza kutenganisha yale yaliyowekwa na maumbile na yale yaliyowekwa na binadamu kwa ajili ya faida. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilometa zipatazo 36,000 kutoka ardhini, na huzunguka sawasawa na dunia, kiasi kwamba kwa mtu aliye chini huonekana kana kwamba zimesimama. Setilaiti inayotumiwa na DStv kwa eneo hili iko kwenye nyuzi 36 za mashariki, yaani karibu kabisa na utosi wa mkazi wa Dar es Salaam. Ile inayobeba Azam TV iko kwenye nyuzi 7 za mashariki, yaani upande wa magharibi. Kwa hiyo anayehama hana budi kuligeuza dishi lake na kumlipa fundi ujira wake wa halali. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Lakini fundi akimaliza kazi ya juu, hushuka ndani ya nyumba na kukichomoa king'amuzi cha zamani. Hapo ndipo maumbile yanapokoma na hila inapoanza. King'amuzi hicho ni kizima. Kinapokea mawimbi ya aina ileile yanayopokewa na kile kipya, kwa sababu makampuni yote haya hurusha matangazo kwa kufuata kanuni za kiufundi za jamii moja, zijulikanazo duniani kwa herufi DVB. Kinachokifanya cha zamani kiwe jiwe ni kufuli ya siri iliyowekwa na kampuni iliyokiuza. Mwananchi amekinunua kwa fedha zake, kimekaa miaka kadhaa juu ya meza yake, kimetumia umeme wake, lakini siku anapoamua kumpa mwingine ada yake, anatambua kwamba hakuwa mwenye mali hata siku moja. Dishi la zamani, likiwa halikugeuzwa, huishia kufunikia banda la kuku. King'amuzi hukosa hata kazi hiyo.

Wazee wanaokumbuka enzi za redio wataona ajabu ya jambo hili. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapakuwa na mtu aliyeulizwa redio yake ni ya chapa gani. Redio ya mwalimu na redio ya mkulima, ya bei kubwa na ya bei ndogo, zote zilipokea sauti ileile, na mwenye redio akiiuza au kuirithisha, aliyeipata aliendelea kusikiliza. Mitambo ilikuwa duni kuliko ya leo, lakini msikilizaji alikuwa mtu huru. Leo mitambo imeendelea mno, na mtazamaji amefungwa kamba.

Kamba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni mwaka 1994, miaka ipatayo 20 baada ya Zanzibar. Mitambo ya analojia ilipozimwa jijini Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, nchi hii ilisifiwa kwa kutangulia mbele ya jirani zake. Sifa hiyo ilistahili. Lakini makampuni 3 yaliyopewa leseni ya kujenga mitambo ya dijitali hayakulazimishwa kutumia king'amuzi cha namna moja. Kila moja lilikuja na chake. Mwananchi ambaye jana alikuwa na antena moja iliyokamata stesheni zote, leo alitakiwa kuchagua bwana wa kumtumikia. Fursa ya kuweka utaratibu wa Taifa zima ikapita, na makampuni yakaitumia kujenga mazizi.

Mwaka 2018 hali ikawa ngumu zaidi. Wenye leseni za matangazo ya kulipia waliamriwa kuziondoa chaneli za ndani ambazo kwa mujibu wa leseni zilipaswa kutazamwa bure. Nia ya amri hiyo ilikuwa njema, kwa maana ilisemwa kwamba mwananchi asitozwe fedha kwa kitu ambacho ni haki yake. Matokeo yake hata hivyo yalikuwa kwamba mwenye dishi alipotaka kutazama taarifa ya habari ya stesheni za nchi yake mwenyewe alilazimika kununua king'amuzi cha pili. Baadaye kanuni zililegezwa na chaneli zikarejea. Fedha zilizotumika kununua vile ving'amuzi vya pili hazikurejea. Somo hapa ni kwamba kosa halikuwa katika chaneli ipi ikae wapi. Kosa lilikuwa ni kuziacha kufuli mikononi mwa wafanyabiashara, kisha kutumaini kwamba amri moja ya ofisini itaifungua milango.

Mpira wa miguu, ambao ndio furaha kubwa ya wananchi wengi, umefanywa kuwa chambo. Azam TV, iliyoanza mwezi Desemba 2013, ilitia sahihi mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Hapana shaka kwamba fedha hizo zimeziinua klabu nyingi zilizokuwa hoi, na kampuni ya wazalendo inastahili pongezi kwa kuthubutu. Ligi Kuu ya Uingereza nayo imo mikononi mwa SuperSport, ambayo hupatikana katika DStv. Basi fundi cherehani wa Manzese anayeipenda Yanga na pia anaipenda Arsenal afanyeje? Akihama huku anakosa kule. Akikaa kule anakosa huku. Ama alipe mara mbili, ama aende kibandani kulipia kiingilio. Huo unaoitwa ushindani wa makampuni, kwake yeye ni mgawanyo wa mapande. Kila kampuni imekata pande lake la nyama na kulining'iniza mahali pake, na mnunuzi hutembea kutoka bucha hadi bucha akinunua mzani mpya kila anapofika.

Na wale wanaoamini kwamba soko huria litamlinda mtazamaji wayatazame yaliyotokea mwezi Septemba 2025. Katika mwezi huo kampuni ya Canal+ ya Ufaransa iliitwaa MultiChoice ya Afrika Kusini, mwenye DStv, baada ya kuwaahidi wenye hisa randi 125 kwa kila hisa. Likazaliwa kundi moja lenye wateja zaidi ya milioni 40 katika nchi karibu 70. Canal+ ilikwisha kutia mizizi katika Kongo, Rwanda na Burundi, na DStv imeenea Afrika Mashariki yote. Mtazamaji wa Kigali aliyeikimbia kampuni moja na kuhamia ya pili alijikuta siku hiyo amerudishwa kwa mwenye mali yuleyule. Yeye hakuhama. Waliohama ni matajiri, juu ya kichwa chake, katika vikao vya Paris na Johannesburg. Uhuru wa kuchagua ambao mwingine anaweza kuununua na kuufuta kwa sahihi moja si uhuru wa kujivunia.

Watetezi wa makampuni wana hoja zao, na ni haki zijibiwe moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni kwamba makampuni huuza ving'amuzi kwa bei iliyo chini ya gharama, na hivyo yana haki ya kumfunga mteja hadi fedha zao zirudi. Kama ndivyo, basi iandikwe katika mkataba kwamba kifaa kimekopeshwa, deni ni kiasi gani na litakwisha lini, ili deni likiisha kufuli nayo ifunguliwe. Mkopo usio na mwisho ni utumwa, hata uitwe ofa ya sikukuu.

Hoja ya pili ni kwamba pasipo kufuli matangazo yataibwa. Hakuna anayetetea wizi. Lakini siri ya kampuni yaweza kukaa katika kadi au kidude kidogo kinachochomekwa, badala ya kuiteka mashine nzima. Jambo hili si ndoto. Jumuiya ya Ulaya iliagiza tangu mwaka 2002 kwamba televisheni za dijitali zenye kioo kinachozidi sentimeta 30 ziwe na tundu la wazi la kuchomeka kidude cha namna hiyo. Kwa hiyo mabepari hao hao wanaosema kwamba jambo hili haliwezekani Afrika wanaishi nalo huko kwao kwa zaidi ya miaka 20.

Hoja ya tatu husemwa kwa dharau: kwamba televisheni ni anasa, na asiyeweza kulipa azime. Maneno hayo husemwa na walioshiba. Katika televisheni mwananchi huwasikia wabunge wake wakijadili kodi yake, huelezwa habari za maradhi na mvua, na watoto wake husikia Kiswahili sanifu. Na wanaosema kwamba dawa ni kuhamia kwenye intaneti wanasahau kwamba huko nako kuna mlango wa kulipia. Kuitazama mechi moja kwa simu kunakula bando ambalo mama lishe angelitumia kwa wiki nzima.

Nchi hii ina mfano wake yenyewe wa jinsi mambo yanavyoweza kurekebishwa. Tangu tarehe 1 Machi 2017, mwenye simu anaweza kuhama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine akabaki na namba yake ileile. Kabla ya hapo namba ilikuwa ndiyo kamba, na aliyehama alipoteza jamaa na wateja. Dola ilipoamua, kamba ilikatwa. Makampuni ya simu hayakufa. Yanaendelea kuchuma hadi leo, ila sasa yanamwogopa kidogo mteja, nayo ni hofu yenye manufaa. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa simu, hakuna sababu ya haki ya kulishindwa kwa televisheni. India nayo, nchi yenye maskini wengi na madishi mengi, ilitekeleza mwaka 2019 kanuni zinazomlazimisha kila mwenye chaneli ya kulipia kuitangazia bei yake peke yake, ili mtazamaji alipie anachokitazama na siyo gunia zima ambalo nusu yake ni makapi.

Hivyo basi yako mambo 4 ambayo hayapaswi kungoja zaidi. Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Shirika la Viwango Tanzania ziweke kiwango kimoja cha king'amuzi, na muda ukipita, kisichofuata kiwango hicho kisiingizwe nchini. Pili, chaneli za kitaifa zisizimike katika king'amuzi chochote eti kwa sababu ada ya mwezi imekwisha. Tatu, siku zilizolipiwa na ambazo hazijatumika ziwe mali ya mteja, arudishiwe thamani yake anapohama. Nne, mechi za timu ya Taifa ziwekwe katika orodha ya mambo ya umma ambayo hayawezi kufungiwa ndani ya kifurushi, kama Uingereza ilivyofanya kwa sheria yake ya utangazaji ya mwaka 1996 kuhusu Kombe la Dunia na fainali ya Kombe la FA. Tanzania, Kenya na Uganda zimekwisha kupewa uwenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika. Itakuwa fedheha kubwa iwapo viwanja vitajengwa kwa kodi za wananchi, kisha wananchi haohao waambiwe wanunue kwanza king'amuzi kinachostahili ndipo waione timu yao.

Kazi hiyo haihitaji sheria ngeni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 zipo. Baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma za mawasiliano lipo. Kinachotakiwa ni watendaji waache kuyatazama makampuni kama wageni wa heshima na kuwatazama wananchi kama waombaji. Azimio la Arusha lilipinga njia kuu za uchumi kuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 1967 hakuna aliyefikiri kwamba moja ya njia hizo ingepita angani, ikaingia ndani kupitia waya mwembamba na kuishia katika kisanduku chenye taa nyekundu chini ya televisheni. Lakini unyonyaji haubadiliki kwa kubadili makazi.

Mafundi wataendelea kupanda mapaani, na watu wataendelea kuhama, kwani kukaa na kampuni mbovu ni ujinga. Siku ambayo mtazamaji atahama akiwa na king'amuzi chake kwapani, akakichomeka kwa kampuni nyingine kikawaka, siku hiyo ndipo makampuni yatakapojua kwamba mwenye nyumba ni nani.