Programu ya Kompyuta Ijaribiwe Kabla ya Kununuliwa

Askari wa Burundi walianza kutumwa Somalia mwaka 2007, na si wote waliorejea Bujumbura wakiwa wazima. Aliyepoteza nuru ya macho hakupoteza akili wala elimu yake. Aweza bado kuandika barua na kutunza hesabu za ofisi kwa msaada wa kisoma skrini, yaani programu inayomtamkia yaliyoandikwa katika kioo cha kompyuta.

Kisoma skrini kimojawapo, NVDA, kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Hutolewa bure, chaweza kubebwa katika flashi, na husema Kifaransa na hata Kiswahili.

Hata hivyo, kisoma skrini hutamka yale tu ambayo programu nyingine inakifahamisha. Ikiwa fundi alichora alama ya kuhifadhi bila kuipa jina, msikilizaji ataambiwa "kitufe" basi, asijue kama anahifadhi kazi yake au anaifuta. Ofisi ikinunua programu mpya ya mishahara bila kuijaribu, karani huyo atakuwa amefukuzwa kazi pasipo barua.

Majaribio yenyewe si magumu:

Kwanza, wekeni kipanya kando. Kwa vitufe vya Tab, Enter na mishale, je, mwaweza kufika kila mahali na kutoka?

Pili, bonyezeni kwa pamoja Ctrl, Windows na Enter. Katika Windows 10 na 11, Narrator itaanza kusema. Zimeni kioo, mjaze fomu moja hadi mwisho. Fanyeni kosa kwa makusudi, msikilize kama onyo latamkwa au lajitokeza kimya kimya kwa rangi nyekundu.

Tatu, kuzeni maandishi kwa ajili ya wenye uoni hafifu, mtazame kama hayakatiki.

Nne, mwiteni asiyeona aijaribu mwenyewe, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 chataka vyombo vya habari na mawasiliano viweze kutumiwa na watu hao pia. Basi majaribio na yatangulie malipo. Fundi akiisha kupokea fedha zake, kumrudisha ni kazi nyingine.